Usimtajie Mzee Bei

"Hela ya ng'ombe wangu haitumwi kwa kubonyeza simu!" Winarsih alisema, na mfuniko wa sufuria aliokuwa ameushika ukagonga meza. "Umeona picha tu. Picha! Hata mimi nikijipiga picha vizuri utadhani nina miaka ishirini."

"Mama Ratih, shusha sauti. Majirani watasikia."

"Majirani walimwona ng'ombe akipakiwa. Acha wasikie na hela yake inakokwenda."

Parlan, mume wake, alisimama mlangoni pa jiko na simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na tangazo: spika nne kubwa za besi, amplifaya na miksa, vyote vimetumika lakini vinang'aa, rupia milioni kumi na nne tu. Kwa bei ya dukani, hela hiyo isingetosha hata spika mbili. Parlan alikuwa akikodisha vyombo vya muziki kwenye harusi za wilaya yao ya Tulungagung, na amplifaya yake ilikuwa imeungua wiki iliyopita katikati ya sherehe. Bibi harusi alikaa kwenye kiti chake cha maua kimya kama msibani, na wageni wakala haraka haraka wakaondoka. Tangu siku hiyo vijana wa mtaani walimwita Pak Kimya, yaani Bwana Kimya.

Jumapili hii mkuu wa kijiji alikuwa anamwoza mwanawe, na kazi ya muziki ilikuwa ya Parlan. Akishindwa na hiyo, hakuna ambaye angempigia simu tena.

"Mas Denny anasema kuna mtu wa Kediri anataka kutuma hela sasa hivi," alisema, akimtaja muuzaji wa kwenye tangazo.

"Huyo mtu wa Kediri yumo kwenye kila tangazo. Hana kazi?"

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka kuona, kushika na kusikia. Lete simu."

Akaipokonya, akapiga, akaongea kabla hajasalimiwa. "Mas Denny? Mimi mke wa Parlan. Hatutumi hata senti mpaka tuvione vyombo kwa macho yetu. Kama hutaki, mpe mtu wa Kediri."

Alitegemea mwenzake akate simu, au aanze kulialia kwamba yuko safarini. Denny akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyelala vizuri.

"Bu, ndivyo inavyotakiwa! Mimi mwenyewe sinunui kitu sijakiona. Nendeni leo hii. Vyombo viko Blitar, kwa mjomba wangu, Pak Sugondo. Mimi niko kazini Surabaya. Washeni, pigeni muziki mpaka mchoke. Mkiridhika, mnanitumia mimi, nampigia mjomba anawaruhusu mpakie."

"Sawa," alisema Winarsih, kidogo akiwa amekosa pa kushika.

"Ila nina ombi moja, Bu. Msimtajie mzee bei. Ni mwalimu mstaafu, watu wanamheshimu, anaona haya kuonekana anauza vitu vyake. Mambo ya hela tuongee mimi na ninyi. Mnaelewa wazee wetu walivyo."

Parlan, aliyekuwa ametega sikio, aliitikia kwa kichwa kwa nguvu. Alielewa sana. Kwa watu wa kwao, kutaja bei mbele ya mwenye nyumba mnayekunywa naye chai ni sawa na kuvua shati mezani. Yeye mwenyewe kila alipoulizwa malipo ya kazi alijibu, "Utakachoona kinafaa, Pak," na kila mara kilichoonekana kinafaa kilikuwa kidogo.

"Umeona?" alimwambia mkewe simu ilipokatwa. "Tapeli gani anayekuambia nenda kaone?"

Winarsih alifunika sufuria, akachukua mkoba, akaenda kupanda gari lao la mizigo.

Kitu ambacho Parlan hakukisema ni kwamba jana yake alikuwa ameshamtumia Denny milioni moja ya kushikia nafasi.

Huko Blitar, Pak Sugondo alikuwa amevaa shati la batiki lililopigwa pasi, na mkewe ametandika mkeka barazani na kupanga sahani ya muhogo wa kukaanga. Walipokewa kama wakwe. Hakuna aliyeshangaa kuja kwao, hakuna aliyeuliza walichofuata, na Winarsih alianza kujiona mjinga kwa maneno yote aliyoyatoa jikoni.

Hakujua kwamba Pak Sugondo naye alikuwa amepigiwa simu na Denny. Picha za kwenye tangazo zilikuwa za vyombo vyake kweli. Denny alizichukua kwenye tangazo la mzee, akaziweka kwenye lake na kushusha bei. Kisha akampigia mzee akijifanya mnunuzi, mwenye duka la vyombo Surabaya. Alikubali bei ya mzee, milioni ishirini na nne, bila kuomba kupunguziwa. "Nawatuma wafanyakazi wangu, mume na mke, waje kuvijaribu," alimwambia. "Ila tafadhali, Pak, usiwatajie bei. Wakijua nanunua kwa kiasi gani, watadai chao."

Kwa hiyo barazani walikaa watu wanne, kila mmoja akiilinda heshima ya mwenzake, na wote wamefunga midomo.

"Tuanze kusikiliza kabla chai haijapoa?" Pak Sugondo aliuliza.

Vyombo vilikuwa chini ya kibanda kando ya nyumba. Parlan alizipapasa zile spika kama mtu anayempapasa farasi. Alipiga kwa vidole, akainama nyuma kukagua nyaya, akanusa amplifaya kama inatoa harufu ya kuungua. Haikutoa. Akachomeka waya wa miksa kwenye simu yake, akachagua wimbo wa dangdut, muziki wa harusini kwao, akapandisha sauti polepole.

Besi ilitoka chini, ikaingia miguuni kabla ya kufika masikioni. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kuku wote wa uani walikimbilia barabarani. Parlan alipandisha tena, na ile sauti haikupasuka wala kukwaruza. Ilijaa tu, nene na safi, mpaka mama mmoja aliyekuwa akifagia ng'ambo ya njia akaanza kucheza na fagio lake. Watu walitoka majumbani, wakaegemea ua.

"Pak Sugondo, leo kuna harusi?" mmoja alipaza sauti.

"Ya kwako na huyo mwenye fagio!" mwingine akajibu, na ua mzima ukacheka.

Winarsih alimtazama mumewe. Pak Kimya alikuwa anacheka peke yake, macho yamemlowa. Alikuwa hajacheka hivyo tangu ile amplifaya iungue. Winarsih alishaanza kuona uwanja wa mkuu wa kijiji siku ya Jumapili, na wale vijana wa mtaani wakiwa wameziba masikio.

Parlan alipunguza sauti, akaacha simu palepale kwenye waya ikiimba taratibu, wakarudi mkekani.

"Vizuri mno, Pak," alisema. "Mmevitunza."

"Nilikuwa napiga kwenye sherehe za shule. Sasa mgongo umekataa." Pak Sugondo alimsogezea muhogo. "Bosi wenu atafurahi."

Parlan alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Alidhani ni utani ambao hakuuelewa, na kumwuliza mzee maana ya utani wake si adabu.

Winarsih aliacha kutafuna. "Bosi—" alianza, na papo hapo akahisi kidole cha mumewe kwenye goti lake. Alikijua kidole hicho. Kilikuwa gotini pake tangu mwaka walipooana, tangu mama mkwe aseme mbele ya wageni kwamba mwanamke wa Surabaya kama huyu kila kitu anacho isipokuwa breki ya mdomo. Wageni walicheka sana siku ile. Akameza muhogo pamoja na swali.

"Duka lenu kule Surabaya lina wateja wengi?" aliuliza mke wa Pak Sugondo kwa upole, akimimina chai.

"Kiasi tu, Bu," alijibu Parlan.

Hakuwa na duka. Hakuwahi kuwa na duka. Lakini mama yule alikuwa ameuliza kwa wema, na kumwambia amekosea ndani ya nyumba yake mwenyewe kungemwaibisha. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa na duka kwa dakika mbili.

Winarsih alimgeukia mumewe, macho yamemtoka. Parlan alikuwa anakunywa chai.

Huko kibandani simu ililia kwa ujumbe, na mlio ukatoka kwenye spika. "Samahani, Pak, bila shaka ni Mas Denny," alisema Parlan. "Naona anasubiri. Nimalizane naye?"

"Malizana naye, malizana naye," alisema Pak Sugondo, akifikiri kijana anaenda kutoa taarifa kwa bosi wake.

Parlan akainuka. Na goti la Winarsih likabaki bila kidole.

Alihesabu kimoyomoyo hatua za mumewe mpaka kibandani. Akaweka kikombe chini.

"Pak Sugondo, nisamehe. Mimi mdomo wangu ni wa Surabaya, hauna namna. Huyu Denny ni mpwa wako kwa dada au kwa kaka?"

Mzee alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Mpwa wangu? Bu, Denny si ndiye bosi wenu?"

"Bosi wetu nani? Sisi ni watu wa Tulungagung, tunakodisha muziki wa harusi! Tumekuja kununua. Unauza kwa bei gani?"

Neno bei lilitoka kavu, kama sahani iliyoanguka. Mke wa Pak Sugondo alishika kifua.

"Ishirini na nne," alisema mzee.

"Sisi tumeambiwa kumi na nne!" Winarsih alishainuka, kiatu kimoja mguuni. "Baba Ratih! Usibonyeze! Baba Ratih, ondoa kidole hapo!"

Parlan alikuwa ameinamia simu kibandani. Kiasi ameshaandika, namba ya akaunti ameshaandika, namba ya siri ilibaki tarakimu mbili. Sauti ya mkewe aliijua ikiwa na hasira na aliijua ikiwa na maringo, lakini hii hakuwahi kuisikia. Aliinua mikono yote miwili juu, kama aliyeelekezewa bunduki.

"Sijabonyeza!" alipiga kelele. "Sijabonyeza!"

"Jina lililotokea hapo ni la nani?"

"Yuliana. Alisema ni mke wake."

"Mke wa nani, na sisi hata yeye mwenyewe hatumjui?"

Ikabidi kila kitu kisemwe upya, cha huku na cha huku, wote wanne wakiongea kwa pamoja. Katikati ya maneno simu ya Pak Sugondo ikalia. Ilikuwa picha ya risiti ya benki: milioni ishirini na nne, zimetumwa.

"Lakini mbona amelipa?" mzee alisema, akiishika simu kwa mikono miwili.

"Hiyo ni picha, Pak. Nami nikitaka nakuchorea. Fungua benki yako, angalia salio," alisema Winarsih.

Alifungua. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi, pensheni yake na vijisenti vya kuku. Mkewe akakaa chini ghafla. Alikuwa ameng'amua, wala hakukosea, kwamba wangechukuliwa vyombo na wageni wenye adabu namna hii huku wanawapungia mkono.

Ndipo simu ya Parlan ikaita. Ilikuwa bado kwenye waya, na mlio wake ukapiga mtaa mzima. Kwenye kioo kuliandikwa Mas Denny.

"Usipokee," Parlan alinong'ona.

Winarsih akapokea. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa karibu na miksa, akapandisha sauti mpaka juu.

"Pak Parlan!" Denny alitoka kwenye spika nne za besi, mkubwa kuliko nyumba. "Vipi, mbona hutumi? Huyo mzee kakung'ang'ania na stori zake? Achana naye, kichwa chake kimeshachoka. Usimtajie bei tu! Tuma haraka, mtu wa Kediri ananisumbua hapa!"

Kwenye ua watu waliangua kicheko. Hadithi ilikuwa imeshavuka njia. Mama mwenye fagio alikuwa ameisikia yote na kuisambaza.

"Hebu tumsalimie huyo mtu wa Kediri!" mmoja alipiga kelele.

Pak Sugondo alikuja taratibu mpaka kibandani. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini aliposogeza mdomo kwenye simu alitumia sauti ile ile ya darasani.

"Denny, mwanangu. Ni mjomba hapa. Mama yako hajambo?"

Mzee akanyoosha kola ya batiki yake.

"Nauliza kwa sababu nina hamu ya kumjua. Mimi kwetu nilizaliwa peke yangu."

Spika zilitoa pumzi moja nzito, halafu mlio wa simu iliyokatwa, tuu, tuu, tuu, ukisikika mpaka barabara kuu. Watu walipiga makofi. Mama mwenye fagio alilirusha hewani. Mke wa Pak Sugondo alicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na Winarsih naye akacheka mpaka mbavu zikamwuma.

"Na milioni yangu?" alisema Parlan.

Alikuwa amejisemea mwenyewe, lakini kicheko kilikuwa kimepungua na kila mtu alisikia.

"Milioni gani?" aliuliza Winarsih.

Parlan alitazama kandambili zake. "Ya kushikia nafasi. Jana."

Watu wa kwenye ua waligundua ghafla kwamba wana kazi ya kutazama mawingu. Winarsih alifungua mdomo, akamwona mumewe alivyojikunja mabegani, akaufunga.

"Hilo ni la nyumbani," alisema. "Sasa hivi pigia benki. Wape hiyo namba ya akaunti, waambie umetapeliwa. Usifute ujumbe hata mmoja, polisi watautaka."

Alipiga. Msichana wa benki alichukua maelezo yote, akasema hatoi ahadi. Parlan alimshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliporudi, Pak Sugondo alikuwa anafunika spika kwa turubai.

"Nimeogopa, Mas," alisema mzee bila kumtazama. "Naondoa tangazo langu. Vikae tu hapa viliwe na mchwa. Msinifikirie vibaya, lakini nendeni salama."

"Twende, Baba Ratih," Winarsih alisema kwa sauti ndogo. Alishachoka. "Ishirini na nne hatuna. Utampigia mkuu wa kijiji umwambie."

Parlan hakusogea. Aliiona simu hiyo atakayoipiga, na maneno yake, na vijana wa mtaani. Alitazama turubai likishuka juu ya spika ya pili.

"Pak Sugondo," alisema.

"Naam."

"Nikitaka spika mbili tu. Mbili na amplifaya. Miksa ninayo." Alimtazama mzee usoni. "Bei ya mwisho kiasi gani?"

Mkewe aligeuka kumtazama kana kwamba spika ndiyo iliyoongea.

Mzee alishika turubai. Yeye pia hakuwa na mazoea. "Kumi na tano," alisema mwishowe, akiangalia pembeni.

"Nyingi, Pak. Kumi na mbili."

"Kumi na mbili unanionea, Mas. Hiyo amplifaya haijawahi kufunguliwa hata kwa bisibisi."

"Nimeiona. Ndiyo maana naitaka. Lakini spika moja kona yake imeingia maji, mbao imevimba. Nimeishika."

"Imevimba kidogo!"

"Imevimba."

"Mpunguzie, Pak Sugondo!" watu wa kwenye ua walidakia. "Bila mkewe saa hizi ungekuwa unasubiri hela ya picha!"

"Ninyi nyamazeni, mnanunua ninyi?" Lakini mzee alikuwa ameanza kutabasamu. "Kumi na nne."

"Pak," alisema Parlan, "hata nikikwangua, ninayo kumi na tatu. Nilikuwa na kumi na nne, na milioni moja umesikia ilikokwenda. Nikupe kumi na tatu sasa hivi, hapa hapa, mbele ya watu wote hawa."

Pak Sugondo alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mfuko wa dawa zake mzee za mgongo uliotundikwa dirishani. Akatikisa kichwa kukubali.

"Chukua," alisema mzee.

"Ngoja kwanza," alisema Winarsih, na uchovu wote ulikuwa umemtoka. "Pak, lete kitambulisho. Nami nakupa changu. Mjumbe wa mtaa yuko?"

"Yuko," alisema mama mwenye fagio. "Ni mimi."

"Basi ingia, Bu, ushuhudie. Namba ya akaunti itajwe na mwenyewe, kwa mdomo wake."

Pak Sugondo alitaja, tarakimu moja moja, kama anayeita majina ya wanafunzi. Winarsih aliandika kwenye simu. Jina likatokea. Alilisoma kwa sauti, akalilinganisha na kitambulisho, akamwonyesha mjumbe. Halafu akamkabidhi mumewe simu.

"Malizia wewe. Wewe ndiye uliyeongea."

Parlan aliingiza tarakimu zote sita za namba ya siri. Akabonyeza. Watu walingoja. Pak Sugondo alifungua benki yake, si ujumbe wala picha, akavaa miwani, akaangalia salio, akaliangalia tena.

"Imeingia," alisema.

Winarsih alishakunja mikono ya blauzi na kuushusha mlango wa nyuma wa gari. Aliinama, akashika pembe ya spika ya kwanza.

"Baba Ratih, shika huko," alisema. "Inua."